Kadi Mia Nne na Kumi na Tatu za Pampu ya Pili

Mama Grisi hakuwa mtu wa kuingia kazini ameinamisha kichwa. Kwa miaka ishirini na miwili alipita kwenye lango la kiwanda cha katoni kifua mbele, mkoba begani, bisibisi yake ndefu imechomoza mkobani, na salamu zake zilimfikia mlinzi kabla yeye mwenyewe hajafika. Lakini Jumanne ile alipita akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Alitafuta kuanzia barabarani mpaka mlango wa karakana, na wala hakuna kitu kilichokuwa kimepotea.

Kisa kilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha mlinzi. Pale palikuwa na skrini mpya, pana kama meza ya chakula, na juu yake mashine zote za kiwanda zilipita kurasa kwa kurasa, kila moja na alama zake.

Kiwanda kilikuwa na programu ya kompyuta ya kutunza habari za mashine, na watu waliiita Mfumo tu, kama vile duniani hakuna mwingine. Fundi akigusa mashine, anafungua kadi ya kazi ndani ya Mfumo na kuandika alichofanya. Kwa miaka sita Mfumo ulikuwa mpole: unapokea kadi, unazihifadhi, haumsemi mtu. Jumatatu hiyo likaja toleo jipya, na toleo jipya lilikuwa na mdomo. Lilisoma kadi zote za zamani, likaipa kila mashine alama ya afya kati ya mia, likaipaka rangi ya kijani, njano au nyekundu, kisha likaweka pembeni jina la fundi anayeitunza. Meneja wa kiwanda aliagiza yote hayo yaonyeshwe langoni ili watu wahamasike.

Basi watu walihamasika. Pampu ya Kwanza, inayotunzwa na Fundi Starehe: alama tisini na sita, kijani kibichi. Pampu ya Pili: alama thelathini na moja, nyekundu ya kuumiza macho. Na pembeni jina la Mama Grisi, lile refu la kwenye kitambulisho ambalo hakuna aliyelitumia, kiasi kwamba nusu ya kiwanda ilichukua siku nzima kung'amua kuwa ni yeye. Hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoipata.

Pampu hizo mbili ndizo zilizosukuma maji kwenye boila. Maji yakikosekana hakuna mvuke, mvuke ukikosekana karatasi haikauki, na karatasi isipokauka, katoni utaziota tu. Ijumaa kiwanda kizima kingesimama kwa matengenezo ya mwaka. Pampu mpya moja ilikwisha kuletwa, imelala kwenye sanduku lake la mbao nyuma ya stoo, na agizo lilikuwa wazi: kati ya zile mbili za zamani, yenye alama za chini ing'olewe, itupwe kwenye vyuma chakavu.

Mama Grisi aliipokea Pampu ya Pili siku ilipofungwa. Alikuwa hajaiacha hata kwa zamu moja bila kuitazama. Sasa aliambiwa, mbele ya wapika chai na madereva wa malori, kwamba mashine yake ndiyo mgonjwa wa kiwanda. Aliona haya, na ndani ya haya kulikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi.

Kwa sababu aliyelileta toleo jipya, aliyelihangaikia miezi minne, aliyehamisha kadi zote za zamani kuziingiza humo, alikuwa ofisa mipango wa matengenezo. Na ofisa mipango alikuwa Kibiriti, mtoto wa kaka yake.

Jina la Kibiriti alipewa na shangazi mwenyewe, enzi hizo msichana ni mwembamba, ana kichwa kikubwa, na kuwaka ni mara moja. Miaka yake yote ya sekondari alikaa kwa shangazi, maana shule ilikuwa karibu na hapo. Katika nyumba ile palikuwa na daftari likining'inia kwa kamba jikoni, kando ya jiko la gesi. Mama Grisi aliandika humo kila kitu: siku mtungi wa gesi ulipobadilishwa, bomba lilipoanza kuvuja, viatu vya nani vimeshonwa, nani ameamka na homa. Siku moja Kibiriti alivunja kitasa cha dirisha, akakirudishia kwa gundi, akakaa kimya. Shangazi alipokigusa kikamwangukia mkononi. Hakufoka. Alishusha daftari, akampa kalamu.

"Andika," alisema.

Kibiriti aliandika: Nimevunja kitasa. Mimi. Halafu akalia wee, mpaka shangazi akacheka.

Jumanne hiyo, saa nne, Mama Grisi alipanda ngazi hadi ofisi ya mipango. Aliwakuta watu watatu wakingoja mlangoni, simu inalia, na mkufunzi wa kampuni iliyouza Mfumo ameketi kando ya Kibiriti na kompyuta yake mapajani. Kibiriti alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo shangazi. Karibu. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hiyo alama ya pampu yangu, Mfumo wenu umeangalia nini?"

"Unaangalia kadi, shangazi. Mashine yenye kadi nyingi ni mashine yenye matatizo mengi. Pampu yako ina kadi mia nne na kumi na mbili. Ya mzee Starehe ina saba." Alisema kwa upole, lakini kwa haraka, huku jicho moja likiwa kwenye simu. "Mimi mwenyewe imeniuma. Ila Mfumo haumpendelei mtu."

Maneno yalikuwa yamemjaa Mama Grisi mdomoni. Akamtazama mkufunzi, mgeni wa watu, aliyeshika kalamu tayari kuandika lolote litakalosemwa. Angemwaibisha mtoto wa kaka yake mbele ya mgeni? Aliyameza yote.

"Haya," alisema. "Kazi njema, mwanangu."

Akashuka ngazi polepole, na magoti yakamwuma kuliko siku zote.

Kwenye karakana, Fundi Starehe alikuwa ameegemea meza, glasi ya chai mkononi. Huyu hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku ile king'ora cha moto kilipolia kwa makosa. Si mtu mbaya. Ni mtu tu ambaye mashine yake ikinyamaza anashukuru, na ikisimama anaiwasha, anaandika kadi moja, anarudi kwenye chai.

"Dada, wewe unajichongea mwenyewe," alisema. "Kutwa na tableti mkononi, unaandika, unaandika. Mimi mwaka huu nimeandika mara tano. Ona nilivyo kijani."

"Kijani cha mwani, labda."

"Hata mwani ni kijani, dada." Akapuliza chai yake. "Nakwambia kwa mapenzi. Acha kuandika. Utaona alama zinavyopanda."

Karakana nzima ilicheka, na Mama Grisi naye alicheka, ili wasiuone uso wake ukiwa peke yake.

Lakini maneno yale yalimganda. Jumatano asubuhi alisimama mbele ya Pampu ya Pili kama kawaida. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi, zile gololi zinazobeba mhimili wa pampu, akabandika sikio kwenye mpini, akafumba macho. Ndivyo alivyofanya kila siku ya Mungu, ila kadi aliiandika siku ya grisi, mara moja kwa wiki, au kukiwa na jambo. Kupitia chuma kile aliisikia beringi ndani inavyozunguka, na ikibadili sauti kidogo tu, alijua. Ilikuwa inavuma vizuri, sauti moja laini, haina kikwazo. Akaongeza grisi kidogo, akafuta iliyozidi kwa kitambaa. Kisha akaitazama tableti iliyoning'inia kwenye nguzo.

Hakuigusa. Alifunga mkoba, akaenda kunywa chai.

Chai haikushuka. Alikunywa funda moja, akakiweka kikombe, akakishika tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita kulikuwa na grisi ndani ya mashine ile ambayo hakuna mtu duniani aliyejua imeingia lini. Zamu ya jioni ikiongeza tena je? Grisi ikizidi, beringi inapata joto kama vile imekosa. Alama ni za skrini, aliwaza, lakini pampu ni ya chuma na haijui kusoma. Akaacha kikombe nusu, akarudi mbio, yeye na magoti yake, akachukua tableti akaandika: Nimeisikiliza. Haina neno. Nimeongeza grisi kidogo. Akabonyeza kutuma.

"Nyekundu na iwe nyekundu," aliiambia pampu. Kusema kweli, alitokwa na machozi kidogo, akayafuta kwa kitambaa kile kile cha grisi.

Huko juu, ofisini, Kibiriti alikuwa ameacha ukurasa wa Pampu ya Pili wazi kwenye kompyuta yake. Usimwone alikuwa na haraka jana. Uso wa shangazi ulikuwa umemkaa rohoni. Mkufunzi alikuwa ametoka kupiga simu. Kadi mpya ikaingia mbele ya macho yake, ya mia nne na kumi na tatu. Na mara ilipoingia, alama ya pampu ikashuka kutoka thelathini na moja hadi thelathini.

Kibiriti akaisoma ile kadi. Akaisoma tena. Mashine imesikilizwa, haina neno, imeongezwa grisi, halafu afya yake imeshuka?

Alifungua kadi iliyotangulia. Nimeisikiliza. Haina neno. Na nyingine. Nimefuta vumbi kwenye mota. Na nyingine. Panya amekula kifuniko cha waya, nimeweka kipya, panya sijamwona. Juu ya kila kadi, Mfumo ulikuwa umegonga neno moja: HITILAFU.

Hapo ndipo Kibiriti alipokumbuka. Mfumo wa zamani haukuwa na aina za kadi. Kadi ilikuwa kadi. Toleo jipya lilikuwa na aina zake, hitilafu huku na ukaguzi kule, na wakati wa kuhamisha lilimwuliza: hizi kadi zote za zamani niziite nini? Ilikuwa Jumamosi, amechoka, bado kadi elfu kumi na moja. Akajibu kwa kubonyeza mara moja tu: hitilafu. Kwani nani hufungua kadi kama hakuna kilichoharibika? Katika kiwanda kile chenye mafundi hamsini na saba, jibu lake lilikuwa sahihi kwa hamsini na sita.

Alishuka ngazi mbilimbili. Mama Grisi alimwona akija mbio katikati ya mashine, kofia ya usalama imekaa upande, akadhani kaka yake amepata ajali.

"Shangazi! Hizo kadi zako. Ngapi zilikuwa za kuharibika kweli?"

"Za kuharibika?" Mama Grisi hakuhitaji kuhesabu. "Tatu. Sili ya kuzuia maji yasivuje, mara mbili. Na ule mwaka wa mota kuungua. Zilizobaki nilikuwa naitunza tu."

Kibiriti akaketi juu ya kopo la grisi, suruali yake safi na yote, akashika kichwa.

Mchana wote walikaa ofisini, mlango umefungwa. Kibiriti alisoma kadi moja moja, shangazi akasema ni ya aina gani, na kila moja aliikumbuka: hii ni ile wiki ya mvua, hii ni siku Starehe alipokalia miwani yake. Walicheka. Mia mbili na sitini kati yake zilisema kitu kimoja, kwamba mashine imesikilizwa na haina neno. Kufikia saa kumi, Pampu ya Pili ilikuwa na hitilafu tatu na ukaguzi mia nne na kumi. Mfumo ukafikiri kidogo, ukatoa alama: tisini na nne.

Kisha wakafungua kadi saba za Pampu ya Kwanza. Zote zilisema: Imesimama. Nimeiwasha. Tano zilikuwa za mwaka huo. Ukaguzi hakuna hata mmoja. Toleo jipya lilikuwa na akili ya kulinganisha hitilafu na ukaguzi, ila mwanzoni halikupewa ukaguzi wowote wa kulinganisha, likabaki kuhesabu wingi wa kadi tu. Sasa lilipoelewa, kijani cha Fundi Starehe kikafifia kikawa njano, halafu nyekundu. Ishirini na nane.

Wakatazamana.

"Kesho asubuhi ni kikao na meneja," alisema Kibiriti. "Agizo la kung'oa pampu yako limeshasainiwa. Na mkufunzi atakuwepo."

Mama Grisi alimwangalia binti yule aliyekuwa hajalala vizuri miezi minne. Akajua anachotaka kumwambia, na akajua haifai kumwambia, lakini alisema.

"Sikiliza. Sema Mfumo ulijichanganya wakati wa kuhama. Kompyuta hujichanganya kila siku. Nani atauliza? Umehangaika sana, mwanangu, usijivunjie jina kwa ajili ya pampu ya shangazi yako."

Kibiriti alikuwa akiangalia mikono yake, iliyokuwa na grisi ya lile kopo.

Alhamisi saa tatu, chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa. Meneja alikaa mbele, kwenye ncha ya meza. Fundi Starehe alikuwepo na chai yake, Mama Grisi nyuma karibu na mlango, bisibisi mkobani. Kibiriti alisimama. Mama Grisi akaomba kimoyomoyo aseme lile neno jepesi walilokubaliana, au tuseme alilokubali yeye peke yake.

"Kabla hatujaanza," alisema Kibiriti, "kuna kosa kwenye alama. Mfumo haujakosea. Nimekosea mimi. Nilipohamisha kadi za zamani niliziita zote hitilafu bila kuzisoma. Kwa hiyo fundi anayeandika kazi yake tulimpaka nyekundu, na asiyeandika tukampaka kijani. Jana jioni nimefungua kadi ya hitilafu kwa jina langu. Hii hapa."

Akaionyesha ukutani. Mkufunzi akaanza kuandika. Meneja alivua miwani.

Na Mama Grisi? Mama Grisi alisahau pampu. Alisahau jina lake langoni na siku zote tatu za aibu. Alikuwa akimwona msichana wa sekondari na kitasa mkononi, isipokuwa safari hii hakuna aliyempa kalamu. Alivimba kwa fahari mpaka kifungo cha ovaroli kikamkaba.

"Sawa," alisema meneja taratibu. "Juzi mliniambia thelathini na moja, leo tisini na nne. Kwa nini niamini ya leo?"

"Usiamini, bosi," ilisema sauti kutoka nyuma. "Twende ukasikie."

Walishuka wote. Mama Grisi aliweka ncha ya bisibisi juu ya Pampu ya Pili, akamwelekeza meneja abandike sikio kwenye mpini. Meneja, na tai yake, akainama. Akasikiliza. Akainua nyusi: ilikuwa inavuma tu, sawasawa. Kisha wakaenda kwenye Pampu ya Kwanza. Safari hii meneja aliruka nyuma kama aliyeng'atwa.

"Kuna kitu kinatafuna mchanga humu ndani!"

"Ni beringi," alisema Mama Grisi. "Haitafika mwezi ujao."

Kila mtu alimgeukia Fundi Starehe. Naye, kwa mara ya kwanza, aliiweka chai chini. Akaichukua bisibisi, akasikiliza mwenyewe, muda mrefu. "Dada," alisema hatimaye, "utanifundisha hii."

"Na kuandika."

"Na kuandika," alikubali kwa huzuni.

Ijumaa waliifungua Pampu ya Kwanza, na beringi ikawatokea vipande vipande. Iling'olewa hiyo, si ya Pili, na pampu mpya ikakaa mahali pake kabla ya saa tisa.

Jumamosi Mama Grisi alifika langoni mapema kuliko kawaida, kifua mbele, hana anachokitafuta mkobani. Pampu ya Pili ilipita kwenye skrini na kijani chake. Aliitazama, akaridhika, akataka kuendelea. Mlinzi akamwita.

"Mama, hebu njoo unisomee. Hii imepita mara mbili, siielewi."

Ulikuwa ukurasa wa hitilafu zilizofungwa wiki hiyo. Ya kwanza, beringi. Ya pili ilikuwa ya ofisi ya mipango, na Mama Grisi aliisoma kwa sauti. Hitilafu: kadi zimehamishwa bila kusomwa. Chanzo: haraka yangu. Aliyekosea: ofisa mipango. Aliyerekebisha: ofisa mipango. Aliyesaidia: Shangazi.

"Hapo ndipo pananichanganya," alisema mlinzi. "Idara zote za kiwanda hiki nazijua. Shangazi ni idara gani?"

Mama Grisi alitaka kumjibu kwa mzaha, akaghairi.

"Ni mimi," alisema. "Aliyeandika ni mtoto wa kaka yangu."

Ukurasa ukapita, zikaja mashine za kukatia karatasi. Mama Grisi akashusha mkoba begani, akasimama pale pale kando ya mlinzi, akangoja uzunguke tena.